Nilivyotolewa Woga Kwenye Nyumba ya Bi Zuhura

Ndugu zangu, jina la Bwana libarikiwe asubuhi hii. Wengi mnaniita Mama Neema, yule anayeshona sare za kwaya. Nimeomba nafasi niseme jinsi Mungu alivyonitoa kwenye woga niliozaliwa nao.

Mimi nimezaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Wazazi wangu walitoka Burundi wakiwa vijana, wakalima tumbaku na mahindi, na baadaye sote tukapewa uraia. Lakini nyumbani tulilelewa kusema taratibu. Baba alikuwa akituambia, "Mkiulizwa mmetoka wapi, jibuni kwa kifupi." Nikaolewa, tukahamia hapa Mpanda mjini, tukawa watu wa kupanga. Mwenye nyumba akipandisha sauti, sisi tunafungasha. Mara nne tulihama bila kubishana na mtu.

Mwaka juzi Bi Zuhura, mjane wa mfanyabiashara mmoja, akatangaza kuuza nyumba yake nyuma ya soko, ili akaishi kwa binti yake Tabora. Nyumba ni ya zamani, ya matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu, sakafu ina nyufa. Lakini uwanja wake, ndugu zangu, ungejenga nyumba nyingine tatu na bado ukabaki na bustani. Katikati ya mji hupati tena eneo kama lile. Tulikuwa na akiba ya tumbaku ya mume wangu na ya cherehani yangu. Tukanunua mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, tukahamia.

Wiki ya tatu natoka sokoni, nakuta ukuta wa mbele umeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA YA UKOO. HAIUZWI. Aliyeandika alikuwa Shabani, mpwa wa marehemu mume wa Bi Zuhura. Alikuwa bado amesimama pale, brashi mkononi.

"Yule bibi hakuwa na haki ya kuuza," akaniambia. "Tena kuwauzia wakimbizi. Tutaonana barazani."

Mume wangu aliposikia, alikaa chini. "Tufungashe, Mama Neema. Turudi Katumba. Tukibishana nao wataanza kutuchimba tulikotoka."

"Na wakitufuata Katumba, tutakwenda wapi?" nikamuuliza.

Nilifunga siku tatu. Nilipiga magoti pale sebuleni, namwomba Mungu amwondoe Shabani. Siku ya tatu moyo wangu ukanihukumu: mwenye kitu cha kuondolewa ni mimi. Nililia sana. Nilipoinuka woga ulikuwepo bado, sitawadanganya, lakini haukuwa bwana wangu tena. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukampigia Bi Zuhura. Hapatikani. Tukamtumia binti yake ujumbe wa siku ya baraza, naye hakujibu.

Siku ya baraza la kata ikafika. Shabani akasema ya kwake. Kisha mzee aliyeongoza kikao akanigeukia.

"Mama, wewe ni raia wa wapi?"

Swali hilo, ndugu zangu, maisha yangu yote nililijibu nikiangalia chini. Siku ile nilimwangalia usoni. "Ni Mtanzania. Nimezaliwa Katumba, wazazi wangu ni Warundi waliopewa uraia, na cheti changu hiki hapa. Nyumba nimenunua kwa haki. Sihami."

Nikamwona mume wangu naye anasimama. "Cheti changu hiki," akasema.

Wakiwa bado wanasoma karatasi zetu, Bi Zuhura akaingia, ameshikwa mkono na binti yake. Kumbe ujumbe wetu waliupata, na walikuwa wameshuka treni ya Tabora asubuhi ile ile. Akatoa kwenye mkoba ofa ya kiwanja, ile barua ya serikali ya kumilikishwa eneo, imeandikwa jina lake mwenyewe.

"Kiwanja nilipewa mimi, na marehemu alijua," akasema. "Nimeuza kwa hiari yangu. Na wewe Shabani, miaka yote bati linavuja, mbona hukuja na rangi?"

Watu wakacheka. Shabani akainamisha kichwa. Baraza likatupatanisha, naye akaweka saini kwamba hana madai. Siku hizi tunasalimiana vizuri, na mkewe huja kuchota maji kwenye kisima changu.

Namshukuru Mungu aliyemwamsha mama yule wa watu akapanda treni kwa ajili yetu. Namshukuru zaidi kwa kuwa alinisimamisha kabla hajafika, wakati sikuwa na mtetezi ninayemwona kwa macho. Kama kuna mtu humu amezoea kujificha, anaogopa hata kutaja kwao, aje mbele tuombe pamoja. Bwana hamwonei haya mtu kwa alikotoka. Nianze mimi: naitwa Adela, nimezaliwa Katumba, na kwangu ni hapa nyuma ya soko. Karibuni nyie wote.