Mama Kreni na Meli za Mawe

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kreni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa kuli wa bandarini, alisoma shule ya mtaani kwao, akamaliza sekondari mwaka 1979, na tarehe 2 Juni 1981 aliajiriwa bandarini, akawa mwanamke wa kwanza kuendesha kreni ya gati la madini, huku mdogo wake, mjomba wetu, akimwongoza kwa ishara za mikono kutoka chini. Mwaka 1985 alifunga ndoa na baba yetu, fundi umeme, wakajaliwa watoto watatu, na anayedhani mama alikuwa mpole atuulize sisi.

Tarehe 14 Agosti 2008 serikali ilikuja kuuliza maoni kuhusu kupiga marufuku usafirishaji wa madini ghafi, makuli wakiwa wamekubaliana kukataa kwa sauti moja, lakini mama alisimama akasema tunauza ngozi halafu tunanunua viatu, mawe haya ya shaba yayeyushwe hapa hapa. Mjomba alinuna, akaacha kumsalimia, ila kreni haijui kununa, hivyo kwa mwaka mzima waliongea kwa mikono tu, pandisha, shusha, simama.

Marufuku ilipoanza gati lilifungwa, wote wawili wakakosa kazi, kiwanda cha kuyeyushia shaba tulichoahidiwa na serikali kikachelewa miaka sita, na tusifichane, nyumbani tuliumia, mama akasemwa hadi sokoni, lakini hakufuta kauli. Kiwanda kilipowashwa mwaka 2015 aliendesha kreni humo hadi alipostaafu, mjomba asikanyage hata getini.

Februari 2023 figo zilianza kumsumbua, na siku aliyolazwa mjomba aliingia wodini bila hodi, akavuta kiti, akaanza ubishi pale pale walipouachia, akawa anakuja kila jioni, wauguzi wakiwanyamazisha, hadi mama alipofariki tarehe 6 Mei 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, majirani waliotupikia, na wenzake wa bandarini na kiwandani, ambao leo wameketi pamoja. Mjomba ameomba tuseme mbele yenu kwamba bado anaamini dada yake alikosea, na kwamba sasa hana wa kubishana naye.

Mama, pumzika kwa amani.