Sisi Tunaomjua Padri

Mkabala na geti la chuo kikuu, kando ya kibanda cha kinyozi, kuna benchi ambalo Fundi Randa aliligonga mwenyewe kwa mabaki ya madawati. Asubuhi hiyo alilikalia pembeni, kikombe mkononi, roho juu juu. Saa sita Padri, mkuu wa chuo, anaagwa, na seremala huyu ndiye aliyechaguliwa kusema kwa niaba ya mafundi na wafagizi. Miaka ishirini na miwili kafanya kazi chini ya mtu huyo, lakini neno la kusema hana. Basi akawaomba wenzake msaada, na bila shaka akajuta.

— Sema anakwenda kuwa askofu, — alianza Redio, yule kinyozi, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. — Mkubwa hahamishwi bure.

— Askofu kitu gani, — alisema Kamusi, karani mstaafu. — Anaitwa Roma akasimamie vyuo vya dunia nzima. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hiyo inaingiaje hapo? — aliuliza Mama Birika, muuza kahawa, akimimina kikombe kingine.

— Inaingia taratibu.

— Jamani, mimi nataka neno la kweli, — alisema Fundi Randa. — Padri alikuta madarasa mawili na ubao mmoja. Mbao za kujengea tulibeba sote wawili, yeye kashika mbele, mimi nyuma. Leo wanafunzi elfu nane.

— Mtu mmoja ataweza wapi? — Redio alishusha sauti. — Wako wawili. Mapacha. Mmoja anafundisha, mwenzake anakagua vyoo. Mimi nimemnyoa asubuhi, jioni nywele zimerudi.

— Ndiyo maana. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Padri hana mwana, Kamusi, — alisema Mama Birika.

— Si ndiyo nasema.

Walicheka, hata Fundi akacheka, ingawa hotuba ilikuwa bado. Hapo akasimama mbele yao mwanamke wa makamo, mkoba begani.

— Habari za asubuhi, wenyeji. Mimi ni mpishi wa parokia moja huko milimani. Tumekuja na gari kumchukua Padri.

— Ndiko anakofanywa askofu? — aliuliza Redio.

— Askofu? Anakuja kumsaidia paroko wetu. Kapewa barua, kaitikia. Chumba nimeshakipiga deki. Sasa nyinyi mmekaa naye miaka, niambieni: anapenda chakula gani? Jioni nataka nimpikie.

Redio alimtazama Kamusi. Kamusi alitafuta methali, akaikosa. Mama Birika akashughulika na vikombe. Kila siku Padri alipita mbele yake, naye Mama hakuwahi kumwambia karibu kahawa.

Fundi Randa aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Siku zile za mbao, mchana ukifika, Padri ndiye aliyemletea sahani, akamuuliza kama kimemtosha. Yeye hakuwahi kumuuliza mwenzake kama amekula.

— Dada, nisubiri hapa, — alisema, akaweka kikombe chini na kushika njia ya getini.

— Na hotuba, Fundi? — Kamusi alimpazia sauti.

— Kwanza nikamuulize.