Gaudiose na Alama Zilizofutwa

Baada ya miaka thelathini na moja katika orkestra yetu, Gaudiose Nininahazwe, mtunza nota, anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Mei 2026. Kazini tumekwisha kumuaga kwa keki na hotuba fupi. Hapa mtaani Farsta tunamuaga kwa Kiswahili na pilau.

Alitoka Burundi akaanza kama msafishaji wa ukumbi. Siku moja alikuta karatasi za fidla zimetupwa ovyo, akazipanga, na maktaba ikawa yake. Kutoka nyumbani kwake Hagsätra hakuchelewa hata mara moja, theluji iwe ya kifundo au ya goti. Aliyerudisha nota zenye doa la kahawa alikiona cha mtema kuni.

Alipenda muziki wa filamu kubwa za zamani za Hollywood, za majeshi ya Roma na farasi, ambao orkestra huupiga moja kwa moja chini ya skrini. Wengine waliuita kelele. Yeye alisema aliyeandikia tarumbeta kumi na mbili alikuwa na jambo la kusema.

Mwaka 2009 tulikodi nota za filamu moja ya aina hiyo. Zilifika zimejaa alama za penseli, na kwetu wapigaji hupewa nota zikiwa safi. Alama zikafutwa zote. Kumbe alama zile ziliwekwa na wanamuziki waliorekodi filamu yenyewe, kuonyesha vipande vya kurukwa bila kupigwa. Bila hizo, farasi wangemaliza mbio na tarumbeta zikaendelea dakika kumi na moja. Nakala nyingine haikuwapo.

Gaudiose alikwenda kwa meneja, Axel, akasema kosa ni lake. Alipewa onyo la maandishi: tamasha likiharibika, kazi hana. Kwa siku nne aliinua kila ukurasa dirishani, akasoma mikwaruzo iliyoachwa na penseli, akaichora upya huku akitazama filamu. Jumamosi farasi na tarumbeta walimaliza pamoja. Onyo lilibaki kwenye faili lake.

Tuliofuta tulikuwa wawili, yeye nami niliyemsaidia. Mimi Ngugi, fundi wa jukwaa, ndiye niliyesema tufute bila kumuuliza mtu. Nilikuwa na mkataba wa miezi sita na mtoto mchanga, nikanyamaza. Miaka kumi na saba Gaudiose hakunitaja. Jumatatu hii nilimwambia Axel ukweli, na faili limerekebishwa.

Gaudiose, Mama Belyse wetu, asante, na unisamehe. Kastaafu kwa raha, uwe na afya njema na asubuhi zisizo na haraka.