Shangazi Niliyempa Sumaku

Mwangaluka jamani. Waislamu wenzangu nawapa salamu, Wakristo nanyi sijawasahau. Mkisikia sauti yangu imekwaruza katikati ya maneno, msihangaike kuniletea maji. Ni kifaa kilichomo hapa kifuani kinafanya kazi yake.

Ndugu zangu, nilianza kuanguka kifafa nikiwa darasa la sita, nikilelewa na shangazi yangu hapahapa Tabora. Ninao mashangazi wanne, kwa hiyo hapo sijamtaja mtu. Nilipoanguka mara ya kwanza tu, alinitoa kwenye sinia. Wenzangu wanakula pamoja, mimi nala peke yangu kando ya mtungi, kwenye kisahani alichokitoboa ukingoni kwa msumari ili kisichanganyike na vingine. Alisema povu langu linaambukiza. Nikianguka, aliamuru watu wakae mbali mpaka nizinduke mwenyewe. Nilikuwa nazinduka mdomo umejaa mchanga, na wao wananitazama kutoka mlangoni. Sijaisahau hiyo, wala sina mpango wa kuisahau.

Vidonge nilimeza vya kila namna, hali inarudi palepale. Nimeshakuwa mtu mzima, fundi cherehani, bado naishi kwake na bado nala kando ya mtungi. Ndipo muuguzi mmoja wa kliniki akaniambia kuna tiba kwa watu walioshindikana kwa vidonge: kifaa kidogo kinapandikizwa kifuani, kinapeleka umeme kidogo kwenye mshipa wa fahamu unaopita shingoni. Ila lazima atafutwe bingwa wa kazi hiyo, na hapa kwetu hayupo.

Nikamsimulia shangazi. Haukupita muda akasema bingwa amempata, tena yuko Usinge. Tukaenda. Kumbe bingwa mwenyewe ana betri ya pikipiki na nyaya mbili! Akanibandika nazo shingoni, ngozi ikaungua, kovu hili hapa, nami nikaanguka palepale. Nilipozinduka, shangazi kasimama kulee. Akasema, "Si umeme ulitaka? Umeupata."

Neno hilo ndilo lililonipandisha treni. Kupona nilitaka, lakini nawaambia ukweli, zaidi nilitaka nirudi nimkomeshe. Wanyamwezi wa zamani walikwenda pwani kwa miguu na mizigo mabegani, mimi ningeshindwaje na treni? Kaka yangu akafuatana nami. Dar tukaelekezwa huku, tukarudishwa kule. Daktari mmoja akasema tiba hiyo ameisoma tu, mwingine akasema twende India. Muuguzi wetu huku nyuma anampigia simu kila aliyesoma naye, mpaka akampata bingwa wa mishipa ya fahamu aliyekuwa akingoja wapasuaji wageni waje na vifaa. Bingwa huyo akanipima, akaniambia bila kuficha kuwa kifaa hakiponyi, kinapunguza tu, na vidonge nitaendelea navyo. Nikakubali.

Baada ya upasuaji akanipa sumaku hii ninayoivaa mkononi kama saa. Nikianza kuanguka, mtu aipitishe juu ya kifua changu, kifaa kiongeze nguvu. Akasema, "Chagua mtu mmoja wa nyumbani afundishwe. Awe mtu asiyeogopa kukugusa." Kaka akajitaja. Nikasema hapana, atafundishwa shangazi.

Muuguzi alimfundisha mbele ya ukoo mzima, akaona aibu kukataa. Mtaani wakanisifu kwamba nina moyo wa kusamehe. Moyo gani? Dawa ya moto ni moto. Nilitaka apige magoti, povu limpate mikononi, mbele ya watu walewale aliowakataza kunigusa.

Ngojeni kidogo. Ndiyo sauti niliyowaambia... Haya, imepita.

Siku ya harusi ya binamu yangu nikaanguka uani, kwenye kundi la wapishi. Kaka ndiye aliyenisimulia: watu walirudi nyuma, wakamtazama shangazi. Akaja, akapiga magoti, akaipitisha sumaku. Nilipofumbua macho, kichwa changu kiko mapajani mwake na kanga yake imelowa povu. Nikamwambia, "Shangazi, povu limekupata. Nani atakutobolea sahani?"

Chakula kilipoandaliwa, akaenda kukichukua kile kisahani changu, akajipakulia, akakaa kando ya mtungi peke yake. Nikamwacha ale mpaka mwisho. Kesho yake ndipo nilipomwita, tukala sinia moja.

Namshukuru muuguzi, namshukuru kaka, namshukuru yule bingwa aliyenieleza ukweli. Nanyi mliokimbiwa kama mimi, msiwasamehe kwa mdomo tu wale waliowakimbia. Wapeni kazi.

Na shangazi namshukuru, ingawa kwa shingo upande. Yumo humu, anajijua. Sauti yangu ilipokwaruza sasa hivi, ninyi nyote mlibaki mmekaa, maana niliwaambia msihangaike. Yeye anakijua kifaa hiki kuliko ninyi nyote, na bado alisimama.