Shimo la Njia Panda

Jumanne, tarehe 14 Mei. Asubuhi imeamka na manyunyu, na shimo la njia panda limejaa maji tena.

Ndani ya basi, mama mmoja fundi cherehani alimgeukia karani wa halmashauri aliyeketi jirani yake. "Baba, lile shimo mtaliziba lini? Binti yangu anajifungua wiki hii, na hospitali iko ng'ambo yake."

"Mama, barabara kubwa ni ya serikali kuu. Yetu inaanzia katikati ya shimo."

"Basi zibeni nusu yenu!"

"Tukimwaga kifusi kwetu, kitateremka kwao. Mkaguzi wa hesabu atatuuliza."

"Kwa hiyo nimwambie mjukuu wangu asubiri kikao?"

Nami, mwanafunzi wa masomo ya jioni mwenye mvi, nikajipenyeza. Mada ya ngazi za serikali tuliimaliza juzi, na mwalimu alinisifu. Nikakohoa, nikasema, "Kwa mujibu wa somo, inategemea."

Basi zima likacheka, dereva akiwemo.

Nikaona aibu. Tangu mvua zianze nimekuwa nikiliombea shimo hili kila alfajiri, nikiwataja mawaziri tu. Halmashauri sijawahi kuigusa. Huenda maombi yangu nayo yanazungushwa ofisi kwa ofisi.

Gurudumu likazama, basi likasimama. Mama akashika kiti kwa mikono miwili. "Hapa ndipo atakapopita mwanangu," akasema.

Nikainuka. "Kesho nikishasali nitakuja na koleo na toroli la kifusi."

"Utaziba upande wa nani, mzee?" karani akauliza.

"Pande zote mbili," nikasema mbele ya abiria wote. "Mungu akipenda, hata mkaguzi asipopenda."