Laini Ilikuwa Nzima

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yule aliyenikalisha chini. Mimi ni Kwamboka. Wengi wenu mnanijua kwa ile kompyuta ya pale mjini Kisii, na leo nimesimama kuwaambia jambo ambalo hamkulijua.

Nilikuwa karani wa kupiga taipu kwenye ofisi moja ya majani chai upande wa Itumbe. Kazi ilikuwa nzuri, lakini moyo haukutulia. Niliposikia kwamba barua inaweza kupita kwenye waya wa simu ikafika Marekani siku hiyo hiyo, niliacha kazi. Nikakodi chumba juu ya duka la vitambaa la Mama Hansa, Mhindi aliyeuza nguo hapo tangu sijazaliwa. Humo nikaweka kompyuta na laini ya simu. Anwani ilikuwa moja tu, yangu, na watu wote waliitumia. Mtu alileta barua ya mkono, nikaipiga na kuituma. Jibu likija nililichapisha, nikalitia kwenye bahasha yenye jina lake.

Hapo ndipo nilipopotea. Mtu fulani aliniambia kwamba biashara ni watu unaowajua, nami nikalishika neno hilo kuliko Andiko. Nilichapisha kadi zilizoandikwa "Mkurugenzi", na ofisini nilikuwa peke yangu. Nilizigawa kwenye harambee, kwenye arusi, hata matangani. Nilimsalimia mtu huku macho yangu yakipita juu ya bega lake kutafuta mkubwa kuliko yeye. Siku ya Sabato kadi zilikuwa ndani ya Biblia yangu, na mahubiri yakiendelea nilipanga nani nitamkamata mlangoni. Nikiwa Kisii nilitamani kuwa Kisumu. Nikifika Kisumu nasikia watu wa maana wako Nakuru. Nilikula nimesimama. Watoto wangu waliniuliza, "Mama, umekuja au unaenda?"

Mama Hansa alinionya. "Kwamboka, wewe unafungua duka halafu unalikimbia. Mteja akija anakuta kufuli."

"Mama, biashara ya siku hizi haiko dukani," nikamjibu, na nikashuka ngazi.

Sasa nisikilizeni. Jumatatu moja alikuja mama mmoja kutoka Nyansiongo, Mama Ombati. Mumewe alikuwa amefariki. Mwanawe wa kwanza, Ombati, alikuwa masomoni Marekani, na kijijini kwao hakukuwa na simu. Tuliandika kwamba baba amekwenda na mazishi ni Ijumaa. Alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, nitarudi Jumatano kuchukua jibu. Asipoweza kuja, tutazika." Nikamwahidi kwamba nitaangalia kila asubuhi.

Jumanne nikapata habari ya bwana mmoja aliyekuwa Nakuru akitafuta mawakala wa kuuza kompyuta. Ndugu zangu, sikufikiri mara mbili. Nilifunga chumba nikaenda. Nakuru sikumkuta, nikaambiwa yuko Nairobi. Nikamfuata Nairobi. Nilikaa kwenye viti vya hoteli siku tatu nikingoja mtu ambaye mpaka leo sijamwona.

Niliporudi Jumatatu, nilifungua laini. Barua zilikuwa tatu. Ya kwanza: "Mama, nimepata tiketi. Nafika Nairobi Jumamosi. Naomba mzee asizikwe kabla sijafika." Ya pili: "Mama, mmepata barua yangu?" Ya tatu iliandikwa kwangu. "Dada Kwamboka, tafadhali, mwambie mama yangu."

Mama Hansa alikuwa amesimama mlangoni. "Yule mama alikuja Jumatano," akasema. "Akarudi Alhamisi. Alikaa kwenye ngazi mpaka nikafunga duka."

Mzee alikuwa amezikwa Ijumaa.

Shetani alinipa jibu hapo hapo. Sema laini ilikatika. Na nani angebisha? Simu za kwetu mnazijua, mvua ikinyesha tu zinakufa. Nilizunguka kile chumba nikilikariri neno hilo mpaka likawa tamu mdomoni. Kisha nikachukua zile barua tatu nikaenda Nyansiongo.

Nilimkuta Ombati amekaa kando ya kaburi, udongo bado mbichi, viatu vyake vya Marekani vimejaa matope. Nilimpa barua zake. Akaziangalia. "Laini ilikuwa mbovu?" akaniuliza. Niliona kwamba alitaka niseme ndiyo. Ingekuwa rahisi kwetu sote.

"Laini ilikuwa nzima," nikasema. "Ni mimi ambaye sikuwepo."

Aliinuka akashuka kuelekea mtoni. Mimi nikageuka kukimbia, maana kukimbia ndiko nilikokuzoea. Mama Ombati akaniita kutoka mlango wa jikoni. "Unaenda wapi tena? Kuja ukae."

Alinisogezea kigoda. Wanawake walikuwa wakipukuchua mahindi, nami nikapewa mahindi yangu. Hakuna aliyenituliza, hakuna aliyenitukana. Nililia huku nikipukuchua. Jua lilipoinama yule mama aliweka mkono kichwani pangu akaomba, "Mungu, huyu mtoto amechoka. Mpe mahali pa kukaa." Hayo tu. Nami nikasikia kitu kilichokuwa kikinisukuma miaka mingi kikiniachilia.

Sitawadanganya. Hamu ya kwenda bado inakuja, hasa nikisikia jina la mtu mkubwa. Ikija naomba, na ninabaki. Kadi nilizichoma. Laini naifungua kila asubuhi, na Mama Hansa ni shahidi.

Ombati alirudi Marekani bila kuniaga. Miezi ikapita. Kisha asubuhi moja ikaja barua: "Kwa Mama, Nyansiongo. Kupitia kwa Dada Kwamboka." Kwangu mimi hakuongeza neno. Niliichapisha, nikafunga chumba, nikaipeleka mwenyewe hadi mkononi mwa mama yake.

Namshukuru Mungu kwa mama yule. Na wewe unayenisikiliza huku moyo wako umeshatoka nje ya mlango huu, mwamini huyu Mungu. Hahitaji uende mbali ndipo akujue.