Maman Kahambu Rolande na Programu Yake Shahidi

Baada ya miaka ishirini na sita katika maabara yetu ya vipimo vya gesi hapa Brussels, Maman Kahambu Rolande anastaafu tarehe 30 Juni. Saskia, mhariri wa jarida hili, ameniomba niandike mimi kwa kuwa meza zetu zimepakana muda wote huo. Hakujua, au labda alijua, kwamba katika jengo hili hakuna anayemwonea wivu Maman Kahambu kunishinda.

Alifika kutoka Butembo, Kongo, akiwa mkimbizi mwenye shahada ya fizikia, akaajiriwa kutunza mitambo. Siku hizo kila mtambo ulikuwa na programu yake, na matokeo yalihifadhiwa kwa majina kama "kipimo kizuri cha mwisho". Mwaka ukipita, hata aliyepima hakukumbuka alitumia kihisi gani wala joto lilikuwa kiasi gani. Maman Kahambu akaandika Shahidi: programu inayoendesha mitambo yote kwa pamoja, na kila namba inayoipima inaihifadhi na historia yake, yaani kihisi, joto, saa na jina la mpimaji. Kisha akaifanya huria, ili yeyote duniani aisome, aitumie na kuirekebisha bure.

Mimi pia nilikuwa na programu yangu. Rangi zake zilipendeza zaidi, na hilo nalisema bila unyenyekevu. Wenzetu walizijaribu zote mbili, na kabla ya Noeli, yangu ikabaki na mtumiaji mmoja, ambaye mnamfahamu.

Ukaja mwaka ambao maabara moja ya Ureno ilituandikia kwamba imerudia vipimo vyetu vya methani na kushindwa kupata matokeo kama yetu. Makala yenye matokeo hayo ilikwisha kuchapishwa, na Etienne, mkuu wetu, aliona sifa ya maabara inazama. Maman Kahambu akazipitia data zote upya. Shahidi ikaonyesha kosa ni letu: kihisi kimoja kilibadilishwa katikati ya jaribio bila kupimwa usahihi wake, na jina la mpimaji lilikuwa la Maman Kahambu mwenyewe. Etienne alipendekeza wangoje kidogo. Yeye akamjibu kwa Kifaransa, taratibu, kwamba shahidi anayetaja makosa ya wengine tu si shahidi. Siku hiyohiyo akawatumia Wareno kila kitu.

Makala ikasahihishwa hadharani. Nilitarajia aibu. Badala yake Wareno wakaanza kuitumia Shahidi, na maabara nyingine zikafuata. Mimi nimekuwa sahihi mara nyingi katika maisha yangu, na sijawahi kupigiwa makofi kama aliyopigiwa yeye kwa kukosea.

Likizo iliyofuata nikaenda kwetu Bukavu, nikitumaini kupumzika mbali na jina lake. Kwenye maabara ya chuo nikakuta wanafunzi wakipima gesi ya Ziwa Kivu kwa mitambo mikongwe, Shahidi ikiiendesha vizuri kabisa. Binti mmoja, Mignonne, aliposikia natoka Brussels, akaniuliza: "Papa, unatumikaka na Maman Kahambu? Bon, utusalimie ye." Nikakubali kwamba ndiyo, tunafanya kazi pamoja. Jina langu hakuliuliza. Salamu nilizifikisha, ingawa sikuharakisha.

Mwezi uliopita watumiaji wa Shahidi walikutana mtandaoni kuchagua atakayeitunza. Wengi walimtaja Veerle, mwenzetu kijana mwenye kipaji. Maman Kahambu akawashukuru, kisha akanigeukia na kusema kwa Kiswahili chetu: "Mupatie Crispin. Ni ye anasomaka hii programu na wivu, donc hakuna kosa itamupita." Veerle aliomba tafsiri. Ilibidi nimtafsirie mwenyewe, neno kwa neno, mbele ya watu wote, naye akacheka na kunipigia kura.

Maman, asante kwa data tunazoweza kuziamini na kwa kazi uliyoniachia. Wewe utakuwa nyumbani kwako Evere na wajukuu zako na kwaya yako, unaamka utakapo, na hilo nalo nakuonea wivu. Mungu akupe afya, utulivu na miaka mingi ya kuufaidi.

Crispin